Kipaimara cha Watu wa Udongo

Mwaka 1981, kwa kukosa watu wengine wa kuwapiga picha, nilianza kuwapiga watu wa udongo.

Nieleze taratibu, kama jambo zito linavyostahili. Mdogo wetu Clemensi alifariki kwa surua mwezi wa Mei. Mimi nilikuwa shule ya bweni, kidato cha tatu, natumikia adhabu ya kumvalisha mbuzi tai ya mkuu wa shule. Habari ilinifikia baada ya mazishi, nikiwa kwenye foleni ya uji. Nikaendelea na foleni. Uji ulikuwa umeungua. Huo nauona hata sasa. Habari yenyewe ilipita kama tangazo la mtu mwingine.

Likizo nilipofika nyumbani Rhotia, nilikuta familia imo katika metimani. Ndiyo mila yetu Wairaqw: nyumba iliyofiwa hivyo hujitenga, haiingii kwa jirani na jirani haingii kwake, mpaka wazee waseme imetosha. Wakristo wengi walikwisha kuiacha. Babu hakuiacha, na baba, Mzee Hhando, hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Mjomba Valeriani, dereva wa watalii Ngorongoro, aliniletea kamera aliyopewa na mgeni wake. Aliiweka juu ya jiwe nje ya ua, akarudi nyuma, ndipo nikaenda kuichukua. Wakoma wa kwenye Biblia waliishi hivyo hivyo, ila bila kamera. Kwenye mfuko wa kamera kulikuwa pia na kimtu cha plastiki, kirefu kama kidole gumba, chenye nywele za kuvua na kuvaa.

Mwenye shida ya kweli alikuwa Katarina, anayenifuata kwa kuzaliwa. Jumapili ile askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na askofu haji Rhotia kila mwaka. Katarina alikuwa amemaliza mafundisho yote. Gauni jeupe lilining'inia ukutani likisubiri neno la baba.

Katekista Sylvesta alisimama ng'ambo ya ua akapaza sauti, "Mzee Hhando! Mungu hana neno na ninyi!"

"Majirani wanalo," baba akajibu.

Jumamosi jioni Katarina alimuuliza mwenyewe. Baba aliangalia gauni, kisha moto. "Mtoto wa mtu akiugua Jumatatu, mwanangu, watasema ni wewe uliyepita."

Katarina akalikunja gauni. Hakulia. Nyumbani kwetu wakati ule hakuna aliyelia. Mama alishinda akichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Asubuhi nikamwambia Katarina, "Tutafanya ya kwetu. Nina askofu."

"Yuko wapi?"

Nikamtoa kimtu mfukoni, nikamvua nywele, nikamvika kofia ya ganda la hindi.

"Amenyolewa vibaya," alisema Katarina, lakini akakaa chini. Alifinyanga watoto wa udongo wenye mabega mapana, kila mmoja na msimamizi nyuma yake. Tukawapanga mstari kwenye majani mafupi kando ya ua. Mimi nililala kifudifudi, kamera puani, kwa heshima zote za fani niliyokuwa nayo tangu Alhamisi. Jua lilikuwa nyuma ya askofu, kwa hiyo askofu alikuwa mweusi tii. Nikamzungusha. Akaanguka.

"Baba Askofu amelewa," nikasema.

"Mnyanyue, mjinga wewe. Wanaanza."

Kweli, ng'ambo ya bonde kanisani walikuwa wameanza kuimba. Nikapiga moja, nikazungusha filamu, nikapiga nyingine. Kisha kivuli kikafunika ibada nzima.

"Baba, unaziba jua."

Baba alisogea, akachuchumaa. Aliwatazama watu wale mmoja mmoja.

"Huyu wa mwisho mbona hana mtu nyuma?"

Kila mtoto alikuwa na msimamizi wa kumwekea mkono begani, isipokuwa yule wa mwisho.

"Ndiye mimi," Katarina akasema. "Bi Petronila ndiye alikuwa anisimamie. Yuko kule na wenzangu."

Baba alinyoosha kidole chake, kinene, chenye ufa wa jembe, akakigusisha kwenye bega la kile kisichana cha udongo.

"Haya. Piga."

"Mzazi haruhusiwi kusimamia," Katarina akasema.

"Nani kasema?"

"Katekista."

"Katekista hayupo hapa."

Nikapiga. Kidole kilijaza kioo chote. Askofu alionekana kama punje.

"Halafu siyo huyo, baba," Katarina akasema. Alikuwa amesimama. "Mimi niko huku."

Baba alibaki amechuchumaa muda, kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akainuka kwa kushika goti, akaenda nyuma yake, akamwekea mkono wa kulia begani. Walisimama hivyo, nyuso zimeelekea kanisani, wimbo ukaisha, ukaanza mwingine. Nilijua hapo ndipo mtu hulia. Nilisubiri. Niliisikia nyasi ikinichoma tumboni, basi.

Adhuhuri gari la askofu lilitoka kanisani, likashika barabara ya Karatu, vumbi likabaki juu ya mashamba.

"Ameshapita," baba akasema.

"Nimemwona," Katarina akajibu.

Mkono ulibaki begani. Mama alitoka mlangoni na ungo wake, akawatazama, akaja kusimama upande wa pili.