Pangaboi la Lusubilo

Siku makasha yalipofika Ihanda, Tabita alikuwa uani akipepeta maharage. Lori lilitoka Tunduma, likasimama kando ya mibuni, na mumewe Lusubilo akatoka kwenye kibanda chake cha kuchomelea vyuma akiwa bado amevaa miwani myeusi. Ndani ya makasha kulikuwa na ndege, vipande vipande, pamoja na kitabu cha picha kilichoonyesha kipi kinafungwa wapi. Ilikuwa ndege ya mtu mmoja: kiti, magurudumu matatu, injini ndogo nyuma ya kiti, na juu ya kichwa pangaboi refu ambalo huzungushwa na upepo wenyewe. Watu wa Ihanda waliiita helikopta. Lusubilo aliwaeleza tofauti yake mara nyingi, mwishowe akachoka.

Aliyeiagiza ni Kasiani, mnunuzi wa kahawa, rafiki wa Lusubilo tangu utotoni. Alitaka kuyaona mashamba kutoka juu, ajue la nani limeanza kuiva kabla wanunuzi wengine hawajafika. Walikubaliana Kasiani anunue, Lusubilo aunde na kurusha. Lusubilo aliiunda kila alipomaliza kazi za watu, na Tabita akamshikia taa. Pangaboi lilishikwa kwenye mlingoti na bolti moja nene. Lusubilo alimwonyesha mkewe bolti hiyo, akaipangusa kwa shati lake.

"Hii ndiyo inayonirudisha nyumbani," alisema.

Ndege iliruka kutoka uwanja wa mpira mwanzoni mwa msimu wa kahawa, asubuhi, kijiji kizima kikitazama. Ilipanda juu ya mibuni, ikapinda kuelekea kanisani, na hapo pangaboi likaachana nayo. Ndege ikaanguka. Pangaboi halikuanguka. Liliendelea na safari yake likizunguka taratibu, likavuka kilima upande wa Ileje. Waliokuwa wakikimbilia ndege hawakuwa na nafasi ya kulitazama.

Jioni ile wazee wa kanisa walikaa sebuleni kwa Tabita kupanga maziko. Kasiani alikuja amevaa suti, akalia kuliko wote, kisha akajipangusa uso.

"Niseme ukweli mbele ya Mungu," alisema. "Ndugu yangu alikuwa amelewa. Nilimnusa mimi mwenyewe."

Lusubilo hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe. Lakini Kasiani ndiye aliyelipaulia kanisa mabati, na kanisa lile lilikuwa na utaratibu wake: aliyekufa kwa ulevi haimbiwi na kwaya, wala hazikwi ndani ya ua. Walimzika nje ya ua, kwenye miiba. Tabita aliimba peke yake mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya matanga, Venance, mwendesha mashine ya kumenya kahawa ya Kasiani, alipitia mlango wa nyuma.

"Mama Jenista," alisema akiangalia chini, "mashine yetu ilikatika bolti. Bosi akaenda kuchukua ile ya ndege, akaweka ya dukani mahali pake, akaipaka grisi ili isijulikane. Mimi ndiye niliyeshika tochi."

Tabita alimpeleka kwa wazee. Kasiani naye alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha mbele. Venance alimtazama, akasema yeye mambo ya bolti hayajui. Alikuwa na watoto na kazi ilikuwa ile ile moja. Tabita hakumlaumu. Hasira yake ilikuwa na mtu mmoja tu na hakutaka kuigawa.

Mnunuzi wa maharage ndiye aliyemletea habari za pangaboi. Lilikuwa Isongole, alisema, huwa linapita juu ya soko kila jioni, na akina mama hupeleka ulezi wao kupepetea chini yake kwa sababu upepo wake hautegei. Tabita alifunga kitenge, akapanda Fuso. Alilikuta sokoni, juu kidogo ya mapaa, likizunguka. Alisubiri mwanamke mmoja amalize kupepeta, ndipo akasogea.

"Twende nyumbani," alisema.

Lilimfuata. Fuso ilipoanza kupanda mlima, utingo aliangalia nyuma.

"Lile la juu ni mzigo wa nani?"

"Wangu."

"Basi lisiangukie magunia ya watu."

Lilifika Ihanda salama. Tabita hakulipitisha kwake. Alikwenda nalo moja kwa moja kwa Kasiani, ambako kahawa mbichi ilikuwa imetandazwa juani kwenye vichanja, na mwenyewe akiikagua mikono mfukoni. Tabita alimnyooshea kidole.

"Ni huyu. Kaa naye."

Tangu siku ile Kasiani hakuonja jua. Pangaboi lilikaa juu yake, na kivuli chake cha mviringo kilifunika ua wote. Alipotoka, lilimfuata, lakini kivuli kingine lilikiacha juu ya vichanja. Kahawa haikukauka. Iliota ukungu, ikanuka, ikatupwa. Wakulima hawakuona la kuuliza. Kahawa isiyokauka haina soko, wakawauzia wengine. Kasiani alileta wawindaji wenye magobore, risasi zikapita katikati ya mapanga bila kuligusa. Bwana shamba alisema vitu vya angani si kazi yake. Ofisa wa mambo ya ndege akaja na gari, akalitazama, akasema kitu kisicho na injini wala rubani si ndege, akaondoka.

Ndipo Kasiani alipomwendea Tabita. Alikaa kwenye kigoda, pangaboi likitimua vumbi na kuku uani.

"Shemeji, nitakujengea nyumba ya tofali za kuchoma. Jenista nitamsomesha mpaka atakapochoka mwenyewe."

"Simama kanisani," Tabita alisema. "Sema Lusubilo hakulewa. Sema bolti uliitoa wewe. Basi."

"Nikisema hivyo nitafungwa."

"Najua."

Kasiani alisimama, akajikung'uta suruali.

"Mtu amekwisha kufa, shemeji."

Tabita alimsindikiza mpaka njiani, kama mgeni yeyote. Hapo akainua uso.

"Shuka kidogo," aliliambia pangaboi, nalo likashuka.

Kila Jumapili baada ya ibada alisimama njiani akasema vile vile. Kwanza kofia ya Kasiani ilipeperuka. Kisha mabati ya nyumba yake yakaanza kulia usiku na mchana, na mkewe Rosemary akahamia kwa dada yake Tunduma, akisema anataka kusikia redio. Kisha Kasiani akalazimika kuinama. Mwaka wa kwanza aliinamisha shingo. Baadaye mgongo. Aliacha kahawa, akafungua duka la saruji, na saruji haihitaji jua. Wateja walizoea kushika kofia zao wakati wa kulipa.

Jenista, aliyekuwa sasa msichana wa sekondari, alimwuliza mama yake jikoni.

"Litashuka mpaka wapi?"

"Mpaka aseme."

"Na asiposema?"

"Ana shingo yake," Tabita alisema, akageuza ugali.

Kasiani hakusema. Wageni waliofika kanisani walimwona mtu mzima anayetembea akitazama ardhi, asiyeinua macho hata mbele ya watoto, wakausifu unyenyekevu wake. Ulipokuja uchaguzi, akachaguliwa mzee wa kanisa. Tabita alikuwa kwenye benchi la nyuma. Alinyanyua mkono kukataa, ukahesabiwa mmoja.

Mwaka 2013 alikuja mchungaji mpya, kijana mwenye sauti nzuri. Kasiani alimtembeza kuona eneo la kanisa, pangaboi likizunguka shubiri moja juu ya mgongo wake. Tabita alikuwa nje ya ua, aking'oa miiba kwenye kaburi. Mchungaji alisimama.

"Mbona hili liko nje?"

"Alikuwa mlevi huyo," Kasiani alisema akiitazama ardhi. "Pombe ilimwangusha. Nilimnusa mimi mwenyewe."

Mchungaji alitikisa kichwa kwa masikitiko, akashika kofia yake isipeperuke, wakaenda kula.