Maunting Laini za Mama Ngigi

Mimi nauza spea hapa Kitengela, na kitu ya gari nakwambia vile iko. Ukitaka kubembelezwa, nenda kwa pasta. Ndiyo maana Ngigi alipoingia dukani akitaka maunting za injini, zile ngumu kabisa, nilimuuliza kwanza, "Na mama yako atakaa wapi?"

Mama yake alikuwa nje, kwa kiti cha mbele. Walikuwa wanatoka hospitali Nairobi, wanarudi kwao Kajiado. Mama Ngigi alikuwa na saratani na ilikuwa imefika uti wa mgongo. Kila wiki alienda kutibiwa, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba akiacha, ugonjwa utamshinda haraka. Ngigi ndiye alikuwa anampeleka. Hiyo siwezi kumnyima, kijana hakuwahi kukosa.

Lakini alikuwa na wazimu wa gari. Alinunua stesheni wagon yenye injini ya tabo, halafu akaipeleka kwa mafundi ikaongezwa nguvu mpaka ikararua maunting ilizokuja nazo. Maunting ndiyo inashikilia injini kwa mwili wa gari. Ikiwa ya mpira laini, injini inatetemeka huko mbele na wewe uliyekaa husikii kitu. Ikiwa ngumu, injini haichezi, nguvu yote inaenda kwa magurudumu, lakini mtetemo unaingia kwa kiti, kwa mgongo, mpaka kwa meno. Na ubaya wake ni ukisimama, injini ikinguruma pole pole. Jam ya Kitengela si lazima nikueleze.

Nikamwekea aina zote mbili juu ya kaunta. "Chukua hizi laini. Punguza hiyo nguvu kidogo, zitadumu."

"Caro, wacha mchezo. Hizo zitakatika hata sijazizoea. Jumapili tunapimana mbio na wasee huko Isinya. Unataka nichekwe?"

"Basi uchekwe. Mgongo wa mama si wa kupimia gari."

Akatoka kumuuliza mwenyewe, na mimi nikamfuata. Mama Ngigi akashusha kioo. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisa, maana mama ya mwenye gari huonekana na watu, na alikuwa amekaa wima kama mtu anapigwa picha. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo.

"Wacha achukue anayotaka, Caro," akasema. "Ni gari yake na ndiyo inanibeba. Mimi niko sawa."

"Umesikia?" Ngigi akaniambia.

Nilikasirika. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa, nikampatia zile ngumu, na Bedan fundi akazifunga hapo hapo nje. Kumbe wa kufa hakuwa yeye.

Baada ya hapo nikawa namwona Ngigi akipita peke yake. Nilipomuuliza habari za mama, alinijibu kwa furaha kabisa kwamba daktari amempunguzia safari, amemwambia apumzike nyumbani. Nikashukuru Mungu. Halafu nikapigiwa simu kwamba Mama Ngigi ametuacha.

Ngigi alikuja dukani siku moja kabla ya mazishi. Hakunisalimia. Aliegemea kaunta akanieleza mambo ambayo alikuwa ameambiwa matangani na Mama Kisemei, jirani yao. Daktari hakuwa amepunguza safari yoyote. Siku ya kwanza na zile maunting, walipokwama kwa jam, mama yake aliuma leso asipige kelele. Kijana alikuwa amefungua redio. Mama alipofika nyumbani, akatunga hiyo hadithi ya daktari.

"Mama Kisemei alimwambia waende na matatu," Ngigi akasema. "Akakataa. Akasema watu watamwona kwa steji, waseme Ngigi ako na gari ya nguvu na mama yake anapanda matatu. Akasema hawezi kuniaibisha."

Na ni kweli wangesema. Huku kwetu hiyo ni maneno ya kuzunguka kanisa yote. Kwa hivyo mama alikaa nyumbani, akamwapisha jirani asiseme, akangoja.

"Angeniambia tu," Ngigi akasema. "Caro, si angeniambia? Ningezitoa siku hiyo hiyo."

Nilikuwa na maneno yangu tayari, na unajua mimi sichagui. Lakini nilimwangalia nikamwonea huruma mpaka nikaudhika.

"Unataka nini, Ngigi?"

"Zile laini."

"Na hiyo nguvu umepunguza?"

"Bado."

"Basi zitakatika."

"Zikatike nikirudi. Kesho nambeba mwenyewe, sitaki gari ya mochari. Viti vya nyuma vinalala, sanduku litaingia."

Nikaenda kwa rafu nikazitoa. Bedan akazifunga hapo nje.

Kesho yake tulitoka mochari kwa msafara, Ngigi mbele, mimi nyuma yake kwa gari ya Bedan. Aliendesha pole kuliko trekta. Bodaboda zilitupita, lori zikatupita, na hakuna aliyempigia honi. Tulipofika Kitengela, jam ikatushika kama kawaida. Tukasimama hapo na jua letu, injini zikinguruma.

Nikaona mkono wa Ngigi umetoka dirishani, unaniita. Nilishuka nikatembea katikati ya magari mpaka kwake. Nyuma yake sanduku lilikuwa limefunikwa na leso, na juu yake kofia ya kanisa. Alikuwa ameweka kiganja juu ya sanduku, mkono umepinda vibaya, na ilionekana hakuwa amekitoa tangu mochari.

"Shika hapa, Caro," akaniambia. "Haitingishiki, si ndiyo?"

Nikaingiza mkono nikashika. Mbao ilikuwa imetulia kabisa.

"Haitingishiki," nikamwambia.