Mtoto wa Kwenye Simu

Fundi saa alikuwa na ulimi wa kumuuzia samaki maji. Watu walimletea saa zisizo na ubovu wowote wapate tu kumsikia akieleza alivyowahi kutengeneza saa ya mnara huku ananing'inia kwenye mshale wake, hata adhuhuri ikachelewa mji mzima.

Nyumbani, ulimi huo haukumfaa kitu. Binti yake wa miaka saba, aliyebandikwa jina la Kifaru, aliuma watu, alipiga mateke, alirusha viatu. Mama yake alikuwa kikazi mji mwingine, akirudi mara moja kwa mwezi. Mwalimu mkuu alikwisha sema: muhula ukiisha bila mabadiliko, mtoto atafutiwe shule nyingine.

Fundi akaenda kliniki ya malezi, wakamwekea programu kwenye simu. Kila siku akae chini na mtoto dakika tano, amfuate anachocheza, asiamrishe, aseme anachokiona, asifu kilicho kizuri. Simu ingerekodi, mshauri angesikiliza na kumpigia kila Ijumaa.

Siku ya kwanza, tofali la plastiki lilimpata puani. Siku ya pili alirudi kutoka dukani kwake macho yamemchoka kwa vijiskurubu. Akajifungia chumbani, akaweka simu kitandani, akacheza peke yake.

"Naona unaweka tofali jekundu juu ya la bluu."

"Ndiyo, baba," akajijibu kwa kisauti chembamba kama cha kifaranga.

"Unajenga kwa utulivu, mwanangu. Nafurahi kukaa na wewe."

Ijumaa mshauri akapiga. "Baba, umenifurahisha. Mtoto ametulia kama maji ya mtungini."

"Jitihada tu, dada yangu."

Hapo ndipo angesema kweli, na kutwa nzima baadaye alijilaumu kwa hilo. Lakini sifa ni tamu. Wiki zikapita, mtoto wa chumbani akanoga: akapewa kicheko, akapewa kikohozi, siku moja akakosea na kuomba radhi. Mchoro wa maendeleo ukapanda kama ngazi. Wiki ya nane simu ikaleta cheti chenye utepe wa dhahabu, na nafasi yake akapewa mzazi mwingine.

Jumatatu iliyofuata Kifaru alimuuma mwenzake mkono mpaka damu. Fundi alikimbia shuleni, akamwonyesha mwalimu mkuu cheti kwenye simu.

Mwalimu mkuu alikisoma chote. "Hongera, mzee. Ila cheti umepata wewe, na aliyeuma ni huyu." Akamkabidhi begi la mtoto na madaftari yote.

Kufika nyumbani alimpigia mshauri, akamweleza yote bila kutia chumvi hata chembe.

Mshauri alimsikiliza mpaka mwisho. "Baba, siku za kwanza wazazi karibu wote hurushiwa vitu. Kazi yangu ndiyo hiyo. Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Nitakurudisha kwenye orodha. Itachukua miezi minne, labda mitano. Lakini zile dakika tano hazinisubiri mimi. Anza leo."

Fundi akamwaga matofali sebuleni, akaketi sakafuni. Kifaru alisimama mlangoni, begi bado mgongoni.

"Baba, yule mtoto wa chumbani leo haji?"

"Mtoto gani?"

"Yule unayefurahi kukaa naye. Mimi nilikuwa nakaa nje ya mlango. Sikugonga, nisije nikamharibia mchezo."

Fundi akasogeza matofali kumpa nafasi. "Hakuna mtoto mwingine," alisema. "Nilikuwa peke yangu."

Kifaru alimtazama kwa mashaka. Kisha akavua begi, akaketi hatua tatu mbali naye, akaweka tofali jekundu juu ya la bluu taratibu.

"Ndiyo, baba," alisema kwa kisauti chembamba kama cha kifaranga, akaongeza na kikohozi. Akangoja.

"Naona," fundi alianza, kisha akayaacha maneno aliyokwisha kuyasema mara hamsini chumbani, akasogea hatua moja karibu naye.