Bakuli Lisilokuwapo

Mwaka wa tatu wa maombolezo, visigino vya Bibi Salua vilikuwa vimepasuka kama tope la mto maji yakishuka. Dawa yake kila mtu kisiwani Yebu aliijua: mafuta ya nyonyo, kidogo tu, kabla ya kulala. Lakini mafuta yalikuwa marufuku, na divai vilevile. Tangu makuhani wa Khnumu, mungu wa Kimisri mwenye kichwa cha kondoo dume, walipokuja na askari wakalichoma Hekalu la Yaho, Wayahudi wa Yebu waliapa kwamba hawatajipaka mafuta, hawataonja divai, na wake zao watakaa kama wajane, mpaka Hekalu lisimame tena.

Kiapo cha mafuta kilishikwa, maana ngozi kavu huonekana. Cha divai kilishikwa pia, maana pumzi hunuka. Kile cha wajane kilikuwa na matatizo yake. Watoto waliendelea kuzaliwa, na kila alipozaliwa mmoja Halmashauri ya Maombolezo ilikaa ikaamua kwamba hiyo ni mimba ya zamani iliyochelewa njiani. Bibi Salua, ambaye wengi wa wachelewaji hao aliwapokea kwa mikono yake, hakusema neno. Mtoto ni mtoto.

Mkuu wa Halmashauri alikuwa Mzee Gaduli. Kabla ya moto alikuwa mlinzi wa zamu katika lango la wavuvi, mtu ambaye ukimsalimia asubuhi huoni haja ya kumsalimia tena jioni. Siku ya msiba alilia kuliko wote, watu wakamwona, na tangu hapo hakurudi langoni. Gunia lake la kuomboleza lilishonwa na fundi, likatiwa tarizi kwenye upindo. Majivu ya kujimwagia kichwani aliyachekecha kwanza. Akipita sokoni watu walisimama. Msimu mzima wa mafuriko aliiongoza Halmashauri kujadili kama siki ni divai, na mwisho wakakata shauri kwamba siki ni divai iliyofiwa, kwa hiyo inaomboleza pamoja nasi, na inaruhusiwa kwenye dengu.

Wengine walimcheka Gaduli kichinichini. Bibi Salua hakuweza kumcheka mpaka mwisho, kwa sababu siku ile ya moshi ni huyu huyu aliyembeba mgongoni mpaka ukingoni mwa mto, akamweka chini polepole kama mtungi, kisha akarudi kubeba mwingine. Jambo hilo Gaduli mwenyewe hakulitaja kamwe. Huenda alilisahau, kwa kuwa halikuwa la kuombolezea.

Mara tu baada ya moto, Gaduli na wazee wenzake walivuka mto kwenda Swene, wakainua mikono mbele ya hakimu wa Mfalme, wakaapa kwa jina la Yaho kwamba vyombo vyote vya dhahabu na fedha vimeporwa na Wamisri, na kwamba katika kisiwa kizima halikubaki hata bakuli moja. Kisha wakatuma wajumbe Yerusalemu kuwaomba ndugu zao wawatetee. Yerusalemu haikujibu. Ndugu wale walikuwa na hekalu lao, na yasemekana waliposikia kwamba kule Misri kumeungua hekalu la Yaho, swali lao la kwanza lilikuwa: nani aliwaambia wajenge?

Basi kisiwa kikangoja. Na aliyeumia kwa kungoja kuliko wote alikuwa Abihi, mjukuu wa Bibi Salua.

Abihi alikuwa ameposwa na Pilti, askari wa ngome, kabla ya moto. Kwa desturi ya watu wale ndoa haifungwi bila mambo mawili: bibi harusi apakwe mafuta utosini, na wawili wanywe divai katika chombo kimoja. Sasa kikosi cha Pilti kilikuwa kimeamriwa kwenda Memfi maji yakishuka, na askari anayekwenda Memfi hurudi na mvi, au harudi. Mama yake Pilti alisema wazi kwamba hatamfunga mwanawe kwa msichana mwenye utosi mkavu aliye mwisho wa mto. Maji yakishuka na ndoa haijafungwa, posa imevunjika.

Pilti alikuwa kijana wa haya. Alipokuja kumwaga machozi uani, Bibi Salua alimpa tango lenye chumvi na kumwambia, "Usilie, mume wangu. Huyu mke mdogo wakimkatalia, utanioa mimi. Mimi sihitaji mafuta, nimeshakauka."

Abihi alicheka, halafu akaenda kulia jikoni.

Bibi Salua alikwenda mbele ya Halmashauri. Aliomba ruhusa ya tone moja la mafuta na mafunda mawili ya divai. Gaduli alimsikiliza kwa upole wote, akamwambia kwamba msiba ni kama ukuta, ukitoa tofali moja umeutoa wote, na kwamba jibu la Yerusalemu haliko mbali. Hivyo ndivyo alivyosema mwaka juzi.

Aliporudi nyumbani alimkuta Tetosiri amekaa kizingitini, amepakata bakuli la udongo lililojaa unga uliokandwa. Tetosiri alikuwa Mmisri, jirani wa ukuta kwa ukuta. Marehemu mumewe alikuwa mpiga makasia wa maporomoko, akila mshahara wa makuhani wa Khnumu. Wanawake hawa wawili walikuwa wameazimana chachu na ungo tangu ujana wao, na hata baada ya moto waliendelea, ila waliazimana kimyakimya.

"Shoga, funga mlango," Tetosiri alisema.

Alitia mikono ndani ya donge, akatoa bakuli la fedha. Ndicho kitu pekee cha Hekalu kilichobaki: lile bakuli la kumiminia divai mbele ya madhabahu. Siku ya moto askari mmoja aliliangusha uchochoroni, Tetosiri akalitupia kwenye unga wake, akapita nalo katikati ya makuhani akiwa anakanda. Kwa nini hakulirudisha siku zote hizo? Mwanzoni alimwogopa mumewe. Mume alipokufa, aliwaogopa wazee wa Kiyahudi.

"Nilisema nitangoja waache kututukana sisi Wamisri, ndipo niwapelekee," alieleza. "Naona nitazikwa kabla. Lakini nimesikia mtoto analia jikoni. Wapelekee. Pengine wakiliona mioyo itafurahi, watamwachia aolewe."

Bibi Salua alimshika mikono yenye unga. Kisha akalifunika bakuli kwa mtandio wake wa begani na kurudi kulekule alikotoka.

Halmashauri ilikuwa bado imekaa, inajadili kama mtu anaruhusiwa kuwaza juu ya divai. Bibi Salua aliliweka bakuli katikati ya mkeka. Yarhu, kuhani mzee, ambaye ujana wake wote alimimina divai kwa bakuli lile, alijikokota kwa magoti mpaka akalifikia. Pembeni lilikuwa na kibonyeo, nalo lilibonyea mikononi mwake siku alipoliangusha akiwa kuhani mpya. Kidole gumba chake kilikwenda kwenye kibonyeo bila kutafuta.

Bibi Salua aliwaambia nani aliyelihifadhi. Alisema taratibu, akitaraji furaha.

Gaduli alikuwa amesawijika. Alitazama bakuli, akatazama upande wa Swene, ng'ambo ya mto, alikokaa hakimu wa Mfalme.

"Tuliapa halikubaki hata moja," alisema. "Tuliapa kwa jina la Yaho."

"Mliapa mkiwa hamjui," Bibi Salua alimjibu.

"Hakimu hataki kujua tulijua nini. Likionekana bakuli moja, tumekuwa waongo kwa yote. Tena limeokolewa na Mmisri! Tuliandika machozi yetu yote juu ya Wamisri." Akajifuta majivu usoni, na polepole sauti yake ya mkutanoni ikamrudia. "Sisi hatukuapa uongo. Kwa hiyo bakuli halipo. Kuhani Yarhu, unalijua bakuli hili?"

Yarhu alikuwa mzee, na chakula chake kilitoka kwa Halmashauri. "Silijui," alisema, na kidole gumba kikizunguka ndani ya kibonyeo, kikizunguka.

Bibi Salua aliuliza basi alifanyie nini.

"Ulifanyie nini nini?" Gaduli aliuliza. "Kisichokuwapo hakifanyiwi kitu, Mama Salua. Hakiwekwi, hakifichwi, wala hakina sheria. Nenda nalo."

Njiani Bibi Salua alitembea kama mtu anayetoka mazikoni. Alikuwa amekwenda na zawadi, anarudi bila bakuli na bila harusi, ingawa bakuli lilikuwa limemlemea mkononi. Karibu na kwake alisikia mtu anahema nyuma. Alikuwa Yarhu na fimbo yake.

"Umemsikia alivyosema?" kuhani aliuliza.

"Nimesikia. Na wewe nimekusikia."

Yarhu aliinamisha kichwa, akalipokea hilo kama lilivyo. "Nisamehe. Lakini sikiliza, mwanamke. Kama bakuli halipo na halina sheria, divai itakayotiwa ndani yake itakuwa wapi?"

Bibi Salua alisimama. Alimtazama yule mzee, meno mawili mdomoni na macho yamelowa, na kwa mara ya kwanza tangu moto alicheka mpaka akashika ukuta.

Harusi ilifanyika kesho yake mchana, mlango wazi, kwa kuwa hapakuwa na cha kuficha. Tetosiri ndiye aliyetoa divai, mtungi mzima uliotoka kwa kaka yake. Yarhu alimimina mafuta kwanza katika bakuli, akachovya, akampaka Abihi utosini, na mama yake Pilti akasogea kuhakikisha kwamba utosi umelowa kweli. Bakuli likafutwa, ikamiminwa divai. Hapo ndipo Gaduli alipoingia na gunia lake la tarizi, na wazee watatu nyuma yake.

Pilti aliganda, mikono mitupu mbele yake. Abihi alimwangalia bibi yake.

Yarhu alimwendea Gaduli amebeba bakuli kwa mikono miwili, kama alivyozoea kulipeleka madhabahuni. "Mzee Gaduli," alisema, "mbele yako unaona nini?"

Gaduli alitazama. Harufu ya divai ilimpanda puani, na koo lake, lililoonja siki tu kwa miaka mitatu, likapanda na kushuka. Akisema anaona bakuli, ameapa uongo. Macho yake yalimkuta Bibi Salua, na yeye hakumtazama kwa kejeli. Alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyewahi kukubeba mgongoni.

"Sioni kitu," Gaduli alisema kwa sauti ndogo, ile ya zamani ya langoni.

"Basi hapa hakuna kinachonywewa," Yarhu alisema, akawapelekea maharusi. Pilti akanywa, Abihi akanywa, vigelegele vikavuka ukuta. Bakuli lilizunguka, likafika kwa wazee watatu, nao hawakuona kitu, wakakinywa. Gaduli alikataa mara moja. Mara ya pili alikataa kidogo. Jua lilipoanza kuinama alikuwa ameketi kati ya wanawake, gunia limefunguka kifuani, akinyoosha mkono.

"Nipeni tena kile kisichokuwapo," alisema.

Tetosiri alikuwa amesimama nje, karibu na kizingiti, kwa sababu hakuna aliyemkaribisha na hakutaka kuwatia watu aibu. Bibi Salua alimfuata, akamshika mkono, akamketisha kwenye mkeka wa mbele, mahali ambapo mama wa bibi harusi angekaa kama angekuwa hai. Minong'ono ikaanza. Gaduli akainua kichwa, akamtazama Mmisri muda mrefu, kisha akasogea kumpa nafasi.

Kulikuwa na mafuta kidogo yaliyobaki kwenye kibonyeo cha bakuli, ambako kitambaa hakikufika. Tetosiri aliyachota kwa kidole, akavuta mguu wa shoga yake mapajani mwake bila kumwomba ruhusa, akaanza kuvisugua vile visigino.

Maji yaliposhuka Abihi alipanda mashua pamoja na mumewe kwenda Memfi. Jibu la Yerusalemu lilikuwa bado njiani, na Halmashauri ilikuwa bado inaomboleza. Bakuli lilirudi upande wa pili wa ukuta, chini ya unga wa Tetosiri, ambako hakuna atakayelitafuta.