Kipande cha Kwanza cha Vikarafuu

Mwenye mmea mmoja asiseme anao. Ameazima tu, na siku yoyote mwenyewe atakuja kuuchukua. Redempta aliambiwa maneno hayo na mama yake tangu hajajua kufunga kilemba, yakaingia sikio hili yakatokea lile. Basi mwenye masikio asikie mapema, maana yeye alikuja kusikia amechelewa.

Mmea wenyewe ni ua dogo tu, halifiki hata magotini. Majani yake membamba kama ya kitunguu kichanga, yana rangi ya moshi. Ua lake ni la rangi ya waridi lenye moyo mwekundu, na ukingo umekatwakatwa kama lesi ya kitambaa cha meza. Victoria, binti yake Redempta, aliwahi kulitafuta kwenye simu akasema linaitwa daianthasi. Lakini kule Suji, nyumbani kwa marehemu Dorkas aliyemzaa Redempta, yaliitwa vikarafuu, kwa sababu jua likiyapiga yananukia karafuu ya kwenye pilau. Watoto walikuwa wakitoka kanisani wanajua wamekaribia nyumbani kabla hawajaiona nyumba. Redempta mpaka leo akifungua kopo la viungo hukumbuka ukuta wa mawe, ukungu unapanda kutoka bondeni, na mama yake ameinama, kanga imefungwa kiunoni, anachuma maua yaliyochakaa huku anayasema: "Toka wewe, umeshazeeka, wapishe wenzako."

Dorkas alifariki miaka miwili iliyopita. Redempta aliteremka na shina moja kwenye ndoo iliyotoboka, akalipanda Same mjini, mbele ya mlango wake. Na hapo ndipo alipoanza kulipenda vibaya.

Redempta ni mama wa wasiwasi, hilo hata yeye halikatai. Victoria ana miaka kumi na tisa, lakini akitoka kwenda dukani huulizwa kama amebeba sweta, na jua la Same lile mnalijua. Sasa mama wa namna hiyo mpe ua la marehemu mama yake. Asubuhi kopo la maji, jioni kopo la maji. Akalizungushia samadi ya mbuzi mpaka shingoni, juu yake akatandika majani makavu ya mgomba lisipigwe na joto.

"Mama, unalizamisha," Victoria alimwambia.

"Wewe unajua nini? Unaliona linavyohema?"

Kulikuwa na jirani, Ziada, mtu wa Singida, aliyekuja na mumewe kwenye kazi za mkonge wakaishia kujenga Same. Ziada aliomba mara tatu. "Mama Vicky, nikatie na mimi kipande. Harufu inanifuata mpaka jikoni, nashindwa kujua nimeunga mboga au bado."

"Hakijakomaa, jirani. Subiri kidogo."

Mara ya tatu Ziada alicheka, lakini cheko la kuishia kwenye meno. "Haya. Kikikomaa kikapata na kitambulisho, nitaitwa."

Redempta hakuwa na chuki naye. Aliogopa tu. Aliona kila kipande kitakachokatwa ni kidole cha mama yake.

Mwezi wa sita, masika yamekatika, aliamka akakuta majani ya chini yamekuwa ya njano. Siku ya tatu akaligusa, shina zima likamjia mkononi kama jino la mtoto. Shingoni palikuwa peusi, pameoza, panateleza. Alikaa kizingitini na lile shina mapajani mpaka uji ukaungua.

"Twende Suji tukachukue lingine," Victoria alisema. "Si yalijaa ukuta mzima?"

Kwa nini hakuwaza hivyo mwenyewe? Kesho yake wakashika gari mpaka Makanya, na pale wakapata la kupanda mlimani. Njia nzima Redempta alikuwa anaota ule ukuta. Alipofika akakuta tangawizi. Tangawizi ukutani, tangawizi mlangoni, tangawizi mpaka pale mama yake alipokuwa anaanika vyombo. Kaka yake, Abednego, ndiye aliyebaki na nyumba.

"Vikarafuu viko wapi, Abednego?"

"Vile vya mama? Nililima, dada. Vilikuwa vimezeeka, katikati vimebaki vijiti."

"Ukalima bila kuniuliza!"

"Dada, maua yanaliwa?"

Abednego hakuwa mtu mbaya. Aliwawekea makande, akawachagulia na vipande vikubwa vya tangawizi vya kwenda navyo. Lakini makande yale Redempta aliyatafuna kama mchanga. Alikuwa anahesabu: lake limeoza, la mama limelimwa. Basi. Duniani hakuna tena.

Ni Victoria aliyetoka kunawa mikono akarudi mbio. "Mama, njoo unuse."

Upepo ulikuwa unatoka ng'ambo ya mpaka, kwa bibi Koleta, jirani wa mama yake. Redempta akasita. Kwa Koleta! Yule na mama yake walikuwa na kesi ya maji. Kijijini maji ya ndiva, lile bwawa la juu, hufunguliwa kwa zamu, na kila nyumba ina siku yake. Zamu ya Dorkas ilikuwa Alhamisi, ya Koleta Ijumaa. Mwaka mmoja wa ukame Koleta alidai Dorkas amefungulia maji mpaka Ijumaa asubuhi. Walipelekana kwa mgawa maji, wakapelekana kwa mchungaji, na tangu hapo hawakusalimiana.

"Shikamoo, bibi," Victoria alitangulia, kwa sababu mama yake alikuwa amekwama getini.

"Marahaba. Huyo aliyejificha nyuma yako si Redempta? Pita, mwanangu. Aliyenishtaki ni mama yako, wewe sina kesi na wewe."

Mguuni mwa ukuta wa Koleta, palipoinuka, penye kokoto, vilikuwa vimejipanga vikarafuu vichanga, vimefungua lesi zao. Redempta alishika mdomo.

"Umevipata wapi, mama?"

"Kwani vinapatikana wapi kwingine? Mama yako." Koleta alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. "Hatusemeshani, sawa. Lakini kila mwaka, mvua za masika zikikatika, naamka nakuta kopo juu ya ukuta wa mpaka, ndani kuna kipande. Hodi hakuna. Mwaka wa kwanza nikataka kutupa."

"Mbona hukutupa?"

"Nimtupie Dorkas maua aende akanitangaze kisimani kwamba Koleta hajui kulima? Thubutu! Nililitunza ili asipate la kusema."

Victoria alicheka mpaka akashika ukuta. Redempta naye alicheka, machozi yakafuata humo humo.

"Alikuwa na kanuni yake," Koleta aliendelea, sauti imeshuka. "Ua hili halizeeki vizuri. Miaka mitatu, minne, moyo wake unakuwa kijiti. Usipolivunja vipande ukapanda upya, limekwenda. Na kipande cha kwanza hujipandii, unampa mtu. Nilidhani ni ubishi wake tu. Alipokufa ndiyo nikaelewa. Kumbe alikuwa anaweka akiba kwangu." Akamkazia macho Redempta. "La kwako ulimpa nani?"

Redempta alitazama chini.

"Na maji ulimwagia mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Yesu wangu! Mtoto aliyekulia kwenye maji ya zamu! Mama yako Alhamisi alikuwa anamwagia maharage, halafu migomba, halafu maua yanapata ya kunawia mikono. Ukalifunika na samadi shingoni?"

"Nililifunika."

"Umeliua kwa huruma, mwanangu. Lisamehe, na lenyewe likusamehe."

Koleta hakutumia kisu. Alichagua matawi yasiyo na ua, akashika kila moja kwenye kifundo, akalivuta likaachia lenyewe. Akavua majani ya chini, akafunga vipande vitatu kwenye jani la mgomba lenye unyevu. Mchanga mtupu, alisema, kivulini, wiki tatu. Vikishika, mahali pa kokoto, jua la asubuhi, jivu la jikoni kidogo. Na shingo ibaki wazi, ipumue.

Waliposhuka Same jua lilikuwa linaelekea kuzama. Redempta alikifungua kile kifurushi mlangoni, akavitazama vipande vitatu. Vilikuwa vitatu tu, na alijua mikono yake. Akachukua kilichonona kuliko vyote, akaenda kugonga kwa jirani.

Ziada alitoka na mwiko mkononi. Akakitazama kile kipande, akamtazama mwenye kuleta. "Kumbe kimekomaa?"

"Kile kilikufa, jirani. Nilikunyima wewe, nikakikosa na mimi. Hiki ni cha kwanza, kabla ya changu."

"Tatizo Wapare mnabana vitu mpaka vinakosa pumzi," Ziada alisema, lakini mwiko alishaushusha, na kipande alikipokea kwa mikono miwili.

Viwili vya Redempta, kimoja kilioza ndani ya wiki. Usiku alikuwa amekiongezea maji kidogo, kidogo tu, akijidanganya kwamba mchanga umekauka. Kingine kimeshika, kinasuasua. Cha Ziada kilitoa ua la kwanza mwezi wa tisa, juu ya kilima cha kokoto alichokirundika kando ya jiko.

Jioni ile harufu ilipovuka uzio, Redempta alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, kopo la maji mkononi, ameinama tayari. Victoria, aliyekuwa anapanga nguo za kwenda nazo chuoni, alichungulia dirishani.

"Mama, leo siku gani?"

Redempta aliinuka taratibu. "Jumatatu. Alhamisi bado."

Akayamwaga yale maji kwenye sufuria ya kunyweshea kuku, akarudi ndani. Mlangoni aligeuka kukiangalia kipande chake, kisha akamgeukia binti yake, akafungua mdomo kuuliza habari za sweta. Akaufunga.