Eda na Jicho la Kulia

Arbia alikuwa ameshapewa siku. Jumatatu, saa tatu asubuhi, aende kliniki ya macho akatobolewe tundu jichoni. Basi Jumamosi mumewe, Jelle, akaanguka soko la mbuzi, akafa hata kabla hajafikishwa kivulini. Jumatatu ikamkuta Arbia chumbani, amevaa nguo nyeupe za mjane, anakaa eda. Miezi minne na siku kumi. Nani tena angekumbuka habari za daktari?

Yeye alikumbuka. Picha aliiona mwenyewe. Daktari Keinan, kijana wa pale pale Garissa, alimwekesha kidevu kwenye mashine, ikamtolea picha ya ndani ya jicho kwa ubavu, kama yai la kuchemsha lililokatwa katikati.

"Tazama, eeddo," Keinan alimwambia, kwa heshima ya kijana kwa shangazi yake. "Huu utando wa kahawia umesukumwa mbele. Maji ya jicho hutoka nje kupitia hapa pembeni, na pembe hii kwako imebana mno. Ikiziba, presha inapanda ghafla na jicho linakufa. Tutatoboa tundu dogo kwa leza, dakika chache tu, urudi zako. Lakini jicho likikuuma pamoja na kichwa, usingoje hata saa moja. Na usikae sana gizani. Gizani mboni hupanuka, utando ukajikunja pale pembeni, ukaiziba njia."

Usikae gizani! Na eda ya Jelle ilikaliwa wapi? Ilwad, dada wa marehemu, alifunga madirisha yote akateremsha mapazia mazito, wanaume wapitao wasimwone mjane. Hakuwa na ubaya, Ilwad. Alimpikia, alimkanda miguu, alilia naye. Ila mambo ya kaka yake aliyataka yaende sawasawa, asije mtu mtaani akapata la kusema.

Wiki ya tatu, baada ya adhuhuri, jicho la kulia likamshika. Kichwa kikawa kinapasuka upande mmoja, akatapika chai yote aliyokunywa. Ilwad alipofungua mlango, mwanga wa uani ukamjia Arbia umezungukwa na maduara ya rangi rangi.

"Abaayo, dada, nipeleke kwa Keinan."

"Ni machozi hayo, dada yangu. Umelia wiki tatu, jicho lisiume? Na eda je? Subiri kwanza tumuulize sheikh."

"Basi muulize."

"Nitamuuliza."

Hakumuuliza. Siku ya kwanza aliona haya kumsumbua mtu mzima kwa habari ya machozi. Siku ya pili sheikh alikuwa mazikoni Modogashe. Na Arbia naye, tuseme ukweli, hakumhimiza. Simu ilikuwa chini ya mto wake, na namba ya Keinan imo. Aliogopa. Sheikh akimruhusu, itabidi atoke, na mtaa mzima umwone na nguo zake nyeupe akipita barabarani mchana kweupe. Wale wenzake wanaouza maziwa ya ngamia, wana midomo wale! Wangesema Arbia ameshindwa kumkalia Jelle hata mwezi mmoja. Na alimpenda yule mzee, wallahi alimpenda, hata neno hilo ambalo hakuna aliyelisema lilimuuma kuliko jicho. Akajifunga kitambaa kichwani akageukia ukutani. Mlango haukuwa na kufuli. Alilala nao siku tatu, yeye huku, mlango kule, asiuguse.

Asubuhi ya nne maumivu yakapungua.

"Alhamdulillahi!" Ilwad akafurahi. "Sikukwambia?"

Arbia akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, amtazame Ilwad kwa lile la kulia. Hakumwona. Lo! Hofu ilimpanda kutoka miguuni. Akainuka, akatoka vile vile peku, Ilwad akimkimbilia nyuma na viatu mkononi.

Keinan alimpima, akampima tena. Jicho la kulia halikuwa na la kufanyiwa, presha ilikuwa imeshaua mshipa wake wa kuonea. La kushoto, pembe yake ilikuwa na nafasi ndogo bado, na hilo angelitoboa saa ile ile, hakuna kuahirisha.

Ndipo Ilwad alipompigia sheikh. Sauti ya mzee ikajaa chumba.

"Mgonjwa aende hospitali, hilo nalo la kuuliza? Eda haimzuii mtu kutibiwa. Kwani nani alimkataza?"

Arbia alitaka kumtaja Ilwad. Jina lilikuwa mdomoni kabisa. Akatafuta katika zile siku tatu siku ambayo Ilwad alisema usiende, asiione. Ilwad alisema subiri, na yeye akasubiri. Akamsikia wifi yake analia upande wa kulia, ikabidi ageuze kichwa chote, na bega, ndipo amwone.

"Mwambie hakuna," akasema.