Ncha ya Sindano ya Kunthea

Kazi yangu kiwandani ni kutunza sindano. Sindano ya cherehani ikivunjika, mshonaji ananiletea vipande vyote, navipanga kwenye karatasi mpaka itimie, navibandika kwa selotepu, ndipo natoa mpya. Kipande kikikosekana, cherehani zote zinazimwa na kila nguo inapekuliwa. Tunashona nguo za watoto wachanga, zenye vifungo vya chuma, hivyo mashine ya kugundua chuma haitusaidii. Yanategemewa macho yangu. Nilipewa kazi hii kwa sababu sikosei, ingawa shule niliachia darasa la nne.

Siku moja kabla ya Pchum Ben, sikukuu yetu ya kuwalisha wafu, Kunthea alikuja saa tisa na sindano isiyo na ncha.

"Ncha iko wapi, dada?"

"Ningejua si ningekuja nayo? Nimetambaa sakafuni mpaka wenzangu wananiuliza kama nimeolewa na ufagio." Akainamia meza yangu. "Duol, mdogo wangu, basi la kwetu Prey Veng linaondoka saa kumi na moja. Mama hajainuka kitandani tangu mwaka jana, ananisubiri mimi nimbebe mpaka pagoda, hekaluni. Wakianza kupekua, nimelikosa."

Kunthea ndiye aliyenigawia nusu ya mkeka wake nilipofika mjini sina pa kulala. Sikuweza kumkatalia. Ndani ya kopo ninamotunza vipande vya zamani kulikuwa na ncha ya urefu uleule. Niliibandika. Ilikaa vizuri mno. Nikaandika daftarini: imetimia.

"Wewe utaingia peponi na viatu," akaninong'oneza, akaondoka na sindano mpya.

Nikabaki natazama maboksi yakifungwa. Kila boksi lilipopita niliona mama mmoja, sijui wa nchi gani, akimvisha mwanawe, mtoto analia, na mama anadhani ni njaa. Saa kumi na dakika ishirini nilikwenda kwa Ravy, msimamizi wetu.

"Sema kwa sauti, Duol, mimi sing'ati."

"Sindano ya Kunthea haikutimia. Niliweka ncha ya nyingine."

Ravy akageukia maboksi. "Ungesema palepale, tungepekua nguo mia tatu. Sasa ni elfu mbili."

Cherehani zikazimwa. Wanawake sitini wakakaa sakafuni, wakipapasa kila mshono kwa vidole.

"Babu zangu wakilala njaa," mmoja akasema nyuma yangu, "nitawaelekeza kwa Duol awapikie."

Wengine wakacheka. Kunthea hakucheka. Saa kumi na moja ilipita, hakuinua hata kichwa.

Saa kumi na mbili na nusu yeye mwenyewe aliipata ile ncha, imejificha ndani ya pindo la shati la mtoto wa miezi mitatu. Akaileta, akaiweka juu ya karatasi yangu.

"Bandika."

Nikabandua ile ya uongo, nikabandika ya kweli.

"Dada, na mama je?"

"Bandika, Duol."

Ravy alikuwa ameshamwambia Kunthea asirudi kazini baada ya sikukuu. Mimi nilibakizwa, eti kwa kuwa nilisema kweli. Nilimwambia Ravy mkono uliobandika ni wangu. Akajibu kwamba amenisikia, niende nyumbani.

Kunthea alichukua mfuko wake akaelekea kituoni, ingawa basi lilikuwa limeshaondoka. Sikuthubutu kumfuata.